Shajara ya mnara: mita nne za jiwe la Mwanza kwa ajili ya Mwalimu

22 Juni

Kazi nimeipokea leo pamoja na malipo ya awali. Wanafunzi wa zamani wa shule moja ya kilimani hapa Mwanza wanataka mnara wa jiwe uani pao, kumkumbuka Mwalimu Nyerere, na wanautaka ukamilike 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999. Mwalimu wa Historia ndiye aliyeomba niwe naandika kila hatua, ili mwisho wa safari asije mtu akasema hela zimeliwa. Nimekubali. Mimi ni fundi wa mawe, riziki yangu kubwa ni makaburi, na kwenye makaburi hakuna anayedai maandishi zaidi ya jina na tarehe mbili.

Kamati ina watu kumi na mmoja na kila mmoja kaja na mnara wake kichwani. Mwenyekiti anataka sanamu ya Mwalimu mzima, na kifimbo chake mkononi. Mama mweka hazina anataka mwenge. Mwingine alipendekeza twiga, sijui twiga anaingiaje. Nikawaambia ukweli: sura ya Mwalimu kila Mtanzania anayo mfukoni kwenye noti ya elfu moja. Nikikosea pua tu, watoto wa shule watanicheka mpaka wajukuu zangu.

Mwalimu wa Historia akatoa karatasi aliyochapisha, picha ya mnara wa George Washington kule mji mkuu wa Marekani. Mraba mtupu unaochongoka kwenda juu, wenyewe wanauita obeliski. Hauna sura ya mtu wala mnyama. Akatueleza kwamba hata wao walianza na mambo mengi. Mbunifu wa kwanza, Robert Mills, alichora nguzo za duara kuuzunguka mnara chini, na juu ya nguzo Washington amesimama kwenye gari la farasi. Hela hazikutosha, madoido yote yakaachwa, ukabaki mnara peke yake. Una urefu wa mita 169 na ushee, na mpaka leo hakuna jengo la mawe lililoupita kwa kimo.

Kamati ikanyamaza. Nadhani neno lililowaingia ni lile la hela.

Mzee mmoja aliuliza kwa nini Mwalimu aige Mmarekani. Swali zuri. Nilimjibu kwamba umbo lile Wamarekani nao waliazima Misri, huku huku Afrika, na jiwe litakuwa la kwetu. Tena mji huu wa mawe, jiwe tunalowapeleka wageni wakapige picha, pale karibu na kivuko cha Kamanga, linaitwa Bismarck, jina la Chansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi hata kuliona ziwa. Mzee akacheka, akasema, "Haya fundi, piga kazi."

29 Juni

Leo hesabu tu, nimekaa na kalamu kama karani.

Balozi mmoja wa Marekani aliyekuwa Italia, George Perkins Marsh, ndiye aliyewashauri wafuate kipimo cha minara ya Kimisri: kimo kiwe mara kumi ya upana wa kitako. Wao kitako chao ni mita 16.8. Mimi nikachukua sentimita 40, nikapata mita 4. Juu, kabla ya kuanza kofia, upana wao unabaki mita 10.5, ukifuata uwiano huo wangu unakuwa sentimita 25. Kofia yenyewe, ile piramidi ndogo ya juu, ni sehemu moja ya kumi ya kimo chote, yaani sentimita 40. Shina linabaki mita 3.6.

Nikagawa shina safu kumi na mbili, kila safu jiwe moja zima la kimo cha sentimita 30. Kila safu inapungua milimita 12.5 kwa upana. Hapo ndipo nilipoona kitu kizuri. Kila uso unaingia ndani sentimita 1 kwa kila sentimita 48 za kupanda, na Mwalimu wa Historia alipotafuta, ule wa Washington nao ni robo inchi kwa kila futi. Futi ina inchi 12, ukigawa kwa robo unapata 48. Kumbe ukishika uwiano, mwinamo unakuja wenyewe.

Nimeranda ubao wa sentimita 96, upande wa juu nimeuacha mpana kuliko wa chini kwa sentimita 2. Nikiulaza kwenye uso wa jiwe, ukingo wa nje lazima usimame wima kwenye pima maji. Ubao huu ndio utakuwa msimamizi wangu, na hautaki posho.

7 Julai

Msingi. Tumechimba shimo la mita 1.2 kwa 1.2. Tulipofika sentimita 60 sururu ikaruka na kutoa cheche: mwamba. Kijana wangu alitaka kushangilia, nikamwambia hiyo ndiyo Mwanza, kwingine wanalipia kitu hiki.

Wale wa Washington hawakupewa bure. Jiwe la msingi liliwekwa 4 Julai 1848, juu ya msingi wa mita 24 kila upande, na baadaye ikaonekana hautaweza kubeba mnara wenyewe. Mhandisi wa jeshi aliyekabidhiwa kazi miaka ya mwisho, Thomas Lincoln Casey, kabla ya kuongeza hata jiwe moja juu, alirudi chini. Akachimba pembeni na chini ya mnara uliokwisha kusimama, akamwaga zege, akaupanua msingi mpaka mita 38 na nusu. Fikiria kuchimba chini ya mnara wa mawe wenye mita arobaini na kitu, huku umesimama. Mimi kaburi la mtu likianza kuinama sisogei karibu.

Kokoto za zege hazikununuliwa. Chini ya kilima kuna akina mama wanaoponda mawe, unawaona wamekaa kwenye kivuli cha gunia, nyundo mkononi na mpira umezungushwa vidoleni. Mmoja wao mtoto wake anasoma hapa. Alikuja na wenzake wawili wakiwa na debe vichwani, wakamwaga, wakarudi, wakamwaga tena. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Mimi mchango wa simu sina, ila Nyerere namjua." Alihesabu debe sita na akataka ziandikwe. Nimeziandika: debe sita.

Mwalimu wa Historia anasema nako Washington ilikuwa hivyo. Majimbo, miji na nchi nyingine zilileta mawe ya kuchongwa, na yako zaidi ya 190 kwenye kuta za ndani. Jiwe moja lililotumwa na Papa Pius IX liliibwa usiku mwaka 1854 na wapinzani wa Wakatoliki. Hizi za mama yule hakuna wa kuziiba, ziko ndani ya zege.

19 Julai

Siku niliyokuwa naisubiri: kupasua.

Jiwe liko nyuma ya mabweni, bonge la graniti ya kijivu lenye ukubwa wa chumba, limelala hapo tangu dunia iumbwe. Wapasuaji wengi wa huku huwasha moto juu ya jiwe, magogo au matairi, likishapata moto wanamwagia maji, linapasuka. Kwa kokoto ni sawa. Kwa jiwe la kuchonga sitaki kusikia. Moto unaacha nyufa ndogo ndogo ambazo huzioni leo, utaziona baada ya mvua tatu.

Kwanza unaligonga. Jiwe zima linalia kama kengele, likiwa na ugonjwa ndani linajibu "du" kama mlango wa mbao. Nililigonga upande wa mashariki likalia vizuri. Kumbuka nimeandika upande wa mashariki.

Tukapiga mstari wa chaki. Tukatoboa kwa drili matundu ya kina cha kiganja, nafasi ya sentimita 12 kati ya tundu na tundu. Kwenye kila tundu unaingiza bapa mbili za chuma na kabari katikati. Halafu unapita na nyundo, pigo moja kila kabari, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha unarudia. Kijana alitaka kupiga mbili mbili. Nikamzuia. Jiwe halishindwi kwa nguvu, linashindwa kwa usawa. Kabari moja ikitangulia wenzake, linapasukia linakotaka lenyewe.

Mzunguko wa kwanza sauti ilikuwa nyembamba. Wa pili ikapanda. Wa tatu ikapanda zaidi, ting, ting, kama mtu anayekaza gitaa. Wa nne nikamwambia kijana aweke nyundo chini. Tukakaa. Upepo wa ziwani unavuma, kengele ya shule ikalia, watoto wakatoka mapumziko. Ndipo tukaisikia, "tap" moja, ndogo, ya kinyaa hivi, na mstari mwembamba kama unywele ukatembea kutoka tundu la kwanza mpaka la mwisho. Ndani jiwe lilikuwa linang'aa chengachenga, safi. Halijawahi kuona jua.

2 Agosti

Kuchonga tu, wiki mbili sasa. Tindo, nyundo, grenda ya inchi tisa. Nimenunua barakoa na nimemkataza kijana kukata kavu, lazima maji yatiririke kwenye diski. Vumbi la graniti likiingia kifuani halitoki. Nilifundishwa kazi na mzee aliyekuwa anakohoa mpaka anashika ukuta, na sikuhitaji daktari anieleze.

17 Agosti

Safu tatu zimesimama.

Jiwe la kwanza lina uzito wa kilo 120 na ushee. Tumekodi cheni bloku Igoma, tukafunga mirunda mitatu ya miti kuwa kama figa, jiwe likapanda likining'inia kwa mkanda. Watoto wa darasa la tano waliruhusiwa kutazama kutoka mbali, wakawa wanahesabu kila mlio wa cheni.

Katikati ya kila jiwe nimetoboa tundu na kuingiza pini ya chuma isiyoshika kutu, nusu jiwe la chini, nusu la juu. Mwenyekiti aliona ni gharama ya bure, kwa kuwa jiwe lenyewe ni zito, litakwenda wapi? Nikamkumbusha 10 Septemba 2016, lile tetemeko la Kagera la kipimo cha 5.9. Bukoba watu walipoteza nyumba na ndugu. Sisi huku Mwanza sahani zilicheza kabatini. Akanyamaza kidogo. Mwalimu wa Historia akaongezea la kwake: tarehe 23 Agosti 2011 Washington nako ilitikiswa na tetemeko la 5.8, mawe ya juu yakapata nyufa na vipande vikaanguka ndani. Wakaufunga mnara karibu miaka mitatu, mpaka Mei 2014. Mafundi walining'inia kwa kamba kukagua jiwe moja moja.

Pini zikapita.

6 Septemba

Habari mbaya, nitaiandika kwa kifupi kwa sababu inaniuma.

Safu ya tano imekaa. Tuko mita moja na nusu. Kwa safu ya sita tulihamia upande wa magharibi wa lile bonge, na hapo nilifanya uzembe: sikuligonga. Nilijiambia jiwe ni moja. Tukatoboa, tukapiga kabari, likafunguka vizuri tu, na katikati kukawa na mshipa wa kutu, mwekundu, umepita mlalo kama jeraha la zamani. Nikagonga vipande vyote vilivyobaki. Du. Du. Du. Bonge zima la magharibi ni bovu.

Kuna jiwe zuri Buhongwa, mwenye shamba analitoa kwa bei ya kirafiki. Usafiri ndio shida. Mtu mmoja mwenye malori aliahidi kwenye kikao, kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba lori ni juu yake. Tangu Jumatatu simu inaita haipokelewi. Na mfuko wa kamati umebaki hela ya kurudisha cheni bloku, basi.

28 Septemba

Hakuna kazi. Nimepata kaburi la siku sita Nyakato, nimekwenda kutafuta ugali.

Leo nilipita shuleni kuangalia. Mlinzi kafunga mbuzi wake kwenye safu ya pili. Nilipomuuliza akasema, "Si nguzo imesimama bure, fundi?" Nilitaka kukasirika nikashindwa. Mwalimu wa Historia alicheka mpaka machozi, akanieleza kwamba mnara wa Washington ulisimama hivyo hivyo, kisiki cha mita 46. Kuanzia 1854 hela ziliisha na chama kilichokuwa kinasimamia kikagombaniwa, halafu ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, uwanja wake ukawa zizi la ng'ombe wa kulisha jeshi. Kazi ilianza tena 1879. Miaka ishirini na mitano, na nchi tajiri.

Sijui kama ilikuwa ya kunifariji. Kamba ya mbuzi nimeilegeza ili isikwaruze kona.

14 Oktoba

Siku yenyewe. Walifunika kisiki kwa kitambaa cha rangi za bendera, wakaweka shada. Wanafunzi waliimba vizuri mno. Mgeni rasmi alisifu "mnara huu mzuri uliokamilika" bila kufunua kitambaa, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma karibu na mapipa ya maji, nikitazama viatu vyangu.

Baada ya wageni kuondoka, yule mama wa kokoto alikifunua, akakizunguka kisiki mara moja, akauliza, "Bado urefu gani?" Nikamwambia mita mbili na nusu. "Lori shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akaenda. Jioni mama mweka hazina akanipigia: wale wapondaji wana dereva wanayemuuzia kokoto siku zote, atapita Buhongwa akiwa anarudi tupu, tulipie mafuta tu. Mwenye malori wangu wa kikaoni hajapokea simu mpaka leo.

2 Novemba

Jiwe limefika, nimeshaligonga pande zote nne, usiku nimeota naligonga. Linalia. Ila tulipolimwagia maji kuondoa tope, wote tulinyamaza. Ni graniti safi, ngumu kuliko ile ya kwanza, lakini ina wekundu kwa mbali, kama nyama ya sangara aliyekaa kidogo. Tukiliweka juu ya ile ya kijivu, mstari utaonekana hata kutoka barabarani.

Kikao cha dharura. Mzee yule aliyeuliza habari za Mmarekani akasema wazi, "Mnara wa Mwalimu hauwezi kuwa na kiraka." Mwenyekiti akapendekeza rangi, nyeupe yote, mambo yaishe. Mwingine akasema vigae.

Nimefanya kazi ya mawe miaka ishirini, sijawahi kupandisha sauti kwenye kikao. Leo nilipandisha kidogo. Rangi juu ya graniti inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Kila mwaka mtatafuta hela ya rangi, mwaka mtakaokosa ndio mtaaibika. Na vigae si mnara, ni bafu. Nikasema, "Mzee wangu, kwa heshima zote, kiraka ni kitu cha kufunika tundu. Hapa hakuna tundu. Kuna jiwe juu ya jiwe."

Mwalimu wa Historia akaitoa ile karatasi yake tena, sasa imeshakunjamana, akaweka kidole kwenye picha karibu na robo ya chini. Mstari. Nimeitazama picha ile tangu Juni sikuwahi kuuona. Chini ni marumaru ya Maryland, iliyowekwa kabla kazi haijasimama. Waliporudi 1879 walileta ya Massachusetts, wakaweka safu chache, haikuwaridhisha, wakarudi Maryland lakini kwenye machimbo mengine. Mawe yalipowekwa rangi zilikaribiana. Jua na mvua vikayatenganisha, na sasa kila anayepita anaona waliposimamia.

Wakapiga kura. Sita kwa watano, jiwe libaki jiwe. Mzee alikuwa kwenye wale watano na amenipa mkono kwa shingo upande. Simlaumu. Naye anampenda Mwalimu.

16 Novemba

Safu ya kumi. Mvua zimeanza, tunafanya kazi asubuhi na kukimbia mchana.

Leo nilikwenda Nyakato kwa vijana wanaosubu sufuria, kusubu ncha. Ule wa Washington una ncha ya alumini, sentimita 22.6 kwa kimo, kilo 2.85. Mwaka 1884 alumini ilikuwa madini ya anasa, bei yake ilikuwa inafanana na ya fedha. Kabla ya kupandishwa iliwekwa sakafuni kwenye duka la sonara maarufu la New York, Tiffany, watu wakawa wanairuka ili waseme wamerukia kilele cha mnara wa Washington. Ikawekwa juu 6 Desemba 1884.

Yangu ni ya sentimita 16, kitako sentimita 10. Nikapiga hesabu: kilo moja na nusu hivi. Kitu cha ajabu, alumini na graniti uzito wake kwa ujazo ni karibu sawa, kwa hiyo kofia haitajua tofauti. Malighafi: sufuria mbili zilizotoboka kutoka jikoni kwa shule na kipande cha fremu ya dirisha.

Kalibu ni ya mchanga, ndani ya boksi la mbao. Kijana alikandamiza mchanga kuzunguka mfano niliochonga kwa mti, akautoa taratibu akiwa amezuia pumzi. Tanuri la mkaa linapulizwa na feni ya rimu ya baiskeli. Sufuria ikalegea, ikainama kama mtu aliyesinzia, ikawa uji wa fedha. Akaondoa taka za juu kwa kijiko cha chuma, akamimina kwa mara moja. Dakika chache baadaye alivunja mchanga na ncha ikaanguka chini, nyeusi, ina mikwaruzo. Tukaipiga msasa nusu saa ikaanza kuona nyuso zetu.

"Hii ukiipanda juu bila kufunga vizuri," kijana wa tanuri akaniambia, "wiki moja utaikuta hapa hapa kwenye mzani wa chuma chakavu." Amesema kweli. Nimeongeza pini na gundi ya mawe.

Nilipofika nayo shuleni Mwalimu wa Historia alishawasimulia watoto habari za Tiffany. Wakapanga foleni uani, wakairuka mmoja mmoja, na mwenyekiti wa kamati naye akaruka, na tumbo lake.

23 Novemba

Radi. Waliomsikia babu yao wanajua, ziwa hili ni mama wa radi. Usiku upepo wa nchi kavu unakutania katikati ya maji, mpaka alfajiri mbingu ya huko inawaka. Tumesimamisha kitu cha ncha ya chuma juu ya kilima, hatuwezi kujifanya hatujui. Wamarekani walidhani ncha ile na nguzo za chuma za ndani zinatosha. Juni 1885 radi ikapiga, ikapasua jiwe moja karibu na kilele. Ndipo wakaongeza vijiti vya shaba kuzunguka kofia.

Mimi sitaki nikumbushwe na Mungu. Waya wa shaba umeanzia chini ya ncha, umeshuka ndani ya mfereji mwembamba nyuma ya mnara, umeingia ardhini. Shida ni ile iliyokuwa baraka mwezi wa saba: mwamba. Chuma cha kuingiza ardhini hakikuingia. Ikabidi tuchimbe mtaro wa mita nane kwenda kwenye bustani ya mboga ambako udongo una unyevu, tukalaza waya humo. Mpishi amelalamikia mchicha wake.

7 Desemba

Kofia ilipanda jana saa nne asubuhi, mvua ikiwa imetupa nafasi. Nililaza ubao wangu wa sentimita 96 kwenye nyuso zote nne, kuanzia chini mpaka juu. Uso wa kaskazini umetoka milimita 3 kwenye safu ya saba. Naandika kwa sababu niliahidi kuandika; kwa macho hamtauona. Cheni bloku imerudi Igoma na deni la siku nne, kamati inalijua.

Kwenye ncha ya Washington, uso wa mashariki, wamechora maneno mawili ya Kilatini, Laus Deo, Mungu asifiwe, ambako hakuna wa kuyasoma isipokuwa ndege. Mimi nimeambiwa niandike pale mtoto wa darasa la kwanza anapofikia: MWALIMU J. K. NYERERE 1922–1999. Herufi moja kwenye graniti inakula saa nzima, nyingine zaidi. Herufi R ina tabia mbaya.

Mchana nilikuwa nimechuchumaa, tindo mkononi, kijana mdogo wa kiume akaja akasimama nyuma yangu. Baba yake ni mvuvi, kwao ni kule chini karibu na maji, ambako miaka ya karibuni ziwa lilipanda likaingia majumbani. Akanyoosha mkono akagusa pale kijivu kinapoisha na wekundu kuanza.

"Fundi, maji yalifika hapa?"

"Hapana, mwanangu. Hela ndiyo iliishia hapo."

Akafikiri. "Halafu ikatoka wapi?"

Nikamwambia amuulize mama yake, maana nilishamjua ni wa nani. Leo nimefika NYE. Kesho R.